AFYA YA NYUMBANI: Macho ya Mtoto si Mahali pa Kujaribia Dawa



Ni magonjwa machache yanayotembea upesi kutoka mlango hadi mlango, katika kambi za askari na katika nyumba za polisi, kama ugonjwa wa macho ya watoto. Nyumba zimepakana, bomba la maji ni moja, na watoto hucheza pamoja mchana kutwa. Leo mtoto mmoja ameamka kope zimegandamana kwa tongotongo. Keshokutwa ni watatu. Baada ya juma moja darasa zima la watoto wadogo linafikicha macho. Ndipo tyubu moja ya mafuta ya macho, iliyonunuliwa tangu mwaka jana, inapoanza safari yake. Hutoka kwa mama huyu kwenda kwa mama yule, kila mtoto akapakwa kidogo, na mtoto akionekana ana nafuu tyubu hurudishwa kabatini kungojea mgonjwa mwingine.

Kina mama hawafanyi hivyo kwa ubaya. Hufanya kwa huruma, na kwa sababu foleni ya zahanati ni ndefu. Lakini yatupasa tulitazame jambo hili kwa makini, kwa maana dawa tunazozitegemea kuponya macho ya watoto wetu zinaendelea kupoteza nguvu, na sababu moja kubwa ni namna tunavyozitumia. Tena, vijidudu sugu vinavyomfikia mtoto machoni mara nyingi havikuanzia machoni. Vilianzia katika mwili wa mtu mzima aliyejitibu mwenyewe.

SI KILA JICHO JEKUNDU LINATAKA DAWA HIYO

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba antibiotiki huua bakteria peke yao. Haziui virusi, wala haziondoi mwasho uletwao na vumbi au moshi wa jiko.

Wazee watakumbuka ugonjwa wa macho ulioitwa Apollo. Ulilipuka Ghana mwaka 1969, mwaka ule ule ambao chombo cha Apollo 11 kilifika mwezini, na watu wakaupa jina hilo. Ulikuwa ugonjwa wa virusi, na baadaye ulienea katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Mapema mwaka 2024 mlipuko mwingine wa macho mekundu, nao ukiwa wa virusi, ulipita katika Tanzania, Kenya na hapa kwetu Uganda. Watu wengi walikimbilia maduka ya dawa wakanunua matone ya kila aina. Matone hayo hayakuwa na la kufanya juu ya virusi. Macho yalipona kwa siku zake yenyewe, nao walionunua wakaamini kwamba dawa ndiyo iliyowaponya.

Kwa watoto wadogo, hata hivyo, bakteria nao ni wengi. Watatu ndio wanaopatikana mara kwa mara katika macho yenye usaha: Haemophilus influenzae, Streptococcus pneumoniae na Moraxella catarrhalis. Hao huishi pia katika pua na koo la mtoto, hata asipokuwa mgonjwa. Ndiyo sababu mtoto mwenye mafua na maumivu ya sikio huweza kuamka na macho yenye usaha. Macho yenye majimaji, yenye wekundu na mafua, mara nyingi ni ya virusi. Macho yenye usaha mzito wa manjano, unaorudi mara tu ukiisha kufutwa, mara nyingi ni ya bakteria. Dalili hizi husaidia, lakini hazitoshi kumfanya jirani kuwa mganga.

Tena ni vema tujue kwamba, kwa mtoto aliyekwisha kupita mwezi mmoja, ugonjwa mwepesi wa macho hupona mara nyingi wenyewe katika muda wa juma moja hivi, hata ukiwa wa bakteria, iwapo macho yanasafishwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Subira ya namna hiyo si uzembe, ila pana watoto ambao hawapaswi kungojewa hata saa moja, nao tutawaeleza hapa chini.

VIJIDUDU HUISHINDAJE DAWA

Watu husema, "Mtoto huyu amezoea dawa." Usemi huo unapotosha. Mwili wa mtoto haukuzoea kitu. Waliozoea ni vijidudu.

Baadhi ya bakteria, wakipata joto na chakula, hugawanyika kila baada ya dakika 20. Mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne, na baada ya saa 7 mmoja yule amekuwa zaidi ya milioni 2. Katika halaiki hiyo huzaliwa wachache wenye tofauti ndogo. Mmoja ana uwezo wa kutengeneza kimeng'enya kinachoikata penisilini vipande vipande. Mwingine ana pampu inayoitoa dawa nje kabla haijafanya kazi. Mwingine amebadilisha umbo la sehemu ile ambayo dawa huishika. Mahali pasipo na dawa, tofauti hizo hazina faida kubwa. Lakini dawa ikiingia, hasa ikiwa kidogo na kwa siku chache, wanyonge hufa na wenye uwezo hubaki peke yao, wakiwa na nafasi yote ya kuzaana. Lililo baya zaidi, bakteria huweza kupeana uwezo huo wao kwa wao, hata wa jamii moja wakawapa wa jamii nyingine.

Askari ataelewa upesi. Ukimshambulia adui kwa risasi chache kisha ukarudi nyuma, hukumshinda. Umemwonyesha silaha yako, na waliobaki ni wale waliojua kujificha.

Hatari hii haikujulikana jana. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945 aliwaonya watu kwamba kutumia penisilini kidogo isiyotosha kungewafundisha vijidudu kuishinda. Onyo lake limetimia. Uchunguzi wa dunia nzima uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kwamba katika mwaka 2019 peke yake watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya bakteria wasiosikia dawa.

MTOTO MCHANGA NA DENI LA WAZAZI WAKE

Sasa natufike mahali palipo na uzito kuliko pengine pote, nao ni macho ya mtoto aliyezaliwa jana au juzi.

Mama mwenye kisonono ambaye hakutibiwa huweza kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaliwa, macho yapitapo katika njia ya uzazi. Kati ya siku ya 2 na ya 5 kope za mtoto huvimba, na usaha mwingi hutoka. Kijidudu cha kisonono hakina subira: huweza kukitoboa kioo cha mbele cha jicho katika muda wa siku moja, na jicho likapofuka moja kwa moja. Kijidudu cha klamidia nacho huleta ugonjwa unaofanana na huo, lakini mara nyingi huanza baadaye kidogo, kati ya siku ya 5 na ya 14.

Zamani ugonjwa huu ulijaza shule za vipofu za Ulaya. Katika mwaka 1881 daktari wa uzazi Carl Credé, wa mji wa Leipzig katika Ujerumani, alitangaza kwamba tone moja la nitrati ya fedha katika kila jicho, mara tu mtoto azaliwapo, limepunguza ugonjwa katika hospitali yake kutoka watoto 10 hivi katika kila 100 hadi chini ya mtoto 1. Ni tone moja tu, na maelfu ya macho yaliokolewa.

Afrika ya Mashariki imechangia sana elimu hii. Uchunguzi uliofanywa Nairobi na kutangazwa mwaka 1988 ulionyesha kwamba mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia 1 huwakinga watoto wachanga vema kama nitrati ya fedha. Mwaka 1995 ukatangazwa uchunguzi mwingine wa Kenya, uliofanywa juu ya watoto zaidi ya 3,000, ambao ulionyesha kwamba matone ya povidoni-ayodini ya asilimia 2.5 hufanya kazi vizuri, tena kwa gharama ndogo. Ayodini si antibiotiki. Huishambulia bakteria kwa njia nyingi kwa pamoja, na kwa hiyo ni vigumu sana kwa vijidudu kuizoea. Shirika la Afya Duniani leo linashauri kwamba kila mtoto mchanga apate kinga ya namna hii, na dawa zote tatu hizo zimo katika orodha yake.

Lakini kinga ni jambo moja, na tiba ni jingine. Jicho la mtoto mchanga likiisha kushikwa na kisonono, mafuta hayatoshi, huhitajika sindano. Na hapa ndipo baba zetu wanapoingia katika habari hii.

Tazameni historia ya kijidudu hiki. Katika miaka ya 1930 kilitibiwa kwa dawa za salfa. Haikupita miaka mingi ya 1940 kabla salfa haijashindwa. Ikaja penisilini, na kwa miaka mingi kipimo chake kikawa kinaongezwa na kuongezwa. Mwaka 1976 vikapatikana vijidudu vya kisonono vyenye kimeng'enya cha kuiharibu penisilini kabisa, vingine vimetoka Mashariki ya Mbali na vingine Afrika ya Magharibi. Vikasafiri na wasafiri hadi pande zote za dunia. Katika miaka ya 1980 tetrasaiklini nayo ikaanza kushindwa. Ikafuata siprofloksasini, nayo leo imepoteza nguvu katika nchi nyingi. Uchunguzi uliofanywa Kampala umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya vijidudu vya kisonono haviuawi nayo tena. Dawa kuu iliyobaki ni sindano ya seftriaksoni, na sindano hiyo ndiyo apewayo mtoto mchanga ili aokolewe macho. Mwaka 2009, katika mji wa Kyoto nchini Japani, kilipatikana kijidudu kilichoishinda hata hiyo.

Baba anayetoka kazini mbali, akahisi maumivu akikojoa, huona haya kwenda kwa daktari wa kikosi. Huenda duka la dawa usiku, akanunua vidonge vinne vya rangi mbili, akameza viwili, maumivu yakapungua, akanyamaza. Mke wake hajaambiwa. Mara nyingi mwanamke mwenye kisonono haoni dalili yoyote. Miezi inapita, mimba inakua, na kijidudu kilichobaki baada ya vile vidonge viwili kinangoja. Siku mtoto anapozaliwa, kijidudu hicho humwingia machoni kikiwa kimekwisha kujifunza kupigana. Haya ya usiku mmoja inalipwa kwa jicho la mtoto asiye na kosa.

Simlaumu askari kuliko raia. Jambo hili liko katika kila mtaa. Lakini askari na polisi wana faida ambayo raia wengi hawana: wana zahanati ya kikosi. Mganga wa zahanati ameapa kutunza siri. Kutibiwa mapema, mume na mke pamoja, kwa dawa inayofaa na kwa kipimo kamili, ndiyo kinga ya kwanza ya macho ya mtoto ajaye. Na mama akihudhuria kliniki ya wajawazito asikatae kupimwa.

DAWA INAYOGAWIWA KWA WATU WOTE

Wasomaji wenye jamaa Karamoja au Busoga wataujua ugonjwa wa vikope, uitwao trakoma. Huletwa na klamidia ya aina nyingine, hupitia katika mikono, nguo na nzi wanaotua machoni, na huwashika zaidi watoto wadogo. Ukirudia miaka mingi, kope hugeuka ndani na kukwaruza jicho mpaka lipofuke. Dawa yake ni azithromaisini, ambayo hugawiwa wakazi wote wa wilaya zilizopatwa, wagonjwa na wazima. Njia hiyo, pamoja na upasuaji wa kope, kunawa uso na usafi wa mazingira, imefaulu sana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Malawi imeutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la jamii, na mwaka 2025 Burundi jirani yetu ikapata heshima hiyo.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa dawa huzoewa, mbona Serikali inawagawia hata wazima? Swali hilo ni la haki. Mpaka sasa klamidia ya vikope haijaonyesha kuizoea azithromaisini. Lakini mtoto amezapo dawa, humeza kwa ajili ya vijidudu vyote vilivyomo mwilini mwake, vya puani na vya tumboni pia. Kati ya miaka 2014 na 2017 ulifanywa uchunguzi mkubwa katika Niger, Malawi na Tanzania, ambamo watoto wa chini ya miaka 5 walipewa azithromaisini mara mbili kwa mwaka. Vifo vya watoto vilipungua kwa kadiri ya asilimia 13 hivi, jambo la kushukuriwa. Lakini katika vijiji vya Niger vilivyopimwa baada ya miaka 2, bakteria wa puani wa jamii ya Streptococcus pneumoniae walioishinda dawa ya aina hiyo walikuwa asilimia 12.3 mahali palipogawiwa dawa, na asilimia 2.9 mahali pasipogawiwa.

Bakteria huyo ni mmoja wa wale watatu wa macho tuliowataja. Basi tazameni jinsi hata dawa iliyogawiwa kwa utaratibu, kwa kipimo sahihi na chini ya madaktari, ina gharama yake. Wakuu wa afya huipima gharama hiyo dhidi ya faida, na hulinda ugawaji usizidi mipaka. Je, vidonge vinunuliwavyo kibandani bila kipimo, nani anavipima gharama yake?

YATUPASAYO NYUMBANI

Kwanza, mtoto wa chini ya siku 28 mwenye usaha machoni au kope zilizovimba apelekwe hospitali saa ile ile, hata iwe usiku. Asipakwe kitu. Baba na mama waende pamoja naye, kwa maana wao pia watahitaji kutibiwa.

Pili, mtoto wa umri wowote akiwa na maumivu makali ya jicho, akikataa mwanga, akiwa na doa jeupe juu ya mboni, au akiwa na homa na uvimbe kuzunguka jicho, naye asingojewe.

Tatu, kwa ugonjwa mwepesi wa mtoto aliyekwisha kupita mwezi mmoja, mama anawe mikono kwa sabuni, achemshe maji yapoe, achukue pamba au kitambaa safi, afute kutoka upande wa pua kwenda nje, na kila jicho liwe na kitambaa chake. Kitambaa kilichotumika kifuliwe kwa maji ya moto. Mtoto awe na taulo lake mwenyewe. Jicho lisipopata nafuu kwa siku mbili au tatu, aende zahanati.

Nne, mganga akitoa mafuta au matone, yatumiwe kwa siku zote alizosema, hata jicho likiwa limekwisha kuwa jeupe. Tyubu ni ya mtoto mmoja. Ncha yake isiguse ukope, maana ikigusa huchukua vijidudu na kuwapelekea wengine. Ikiisha kufunguliwa, itupwe baada ya majuma 4, hata kama imebaki nusu. Najua ni uchungu kutupa kitu kilichonunuliwa kwa fedha. Lakini tyubu iliyofunguliwa zamani ni nyumba ya vijidudu.

Tano, tuyaogope matone yenye deksamethasoni au dawa nyingine za jamii hiyo, ambazo huuzwa kwa kuwa huondoa wekundu upesi. Wekundu huondoka, lakini ulinzi wa jicho nao huondoka. Yakitumiwa ovyo huweza kuzidisha vidonda vya jicho, na yakitumiwa muda mrefu huleta presha ya jicho na mtoto wa jicho. Ni dawa ya mkono wa daktari.

Sita, tusitie machoni maziwa ya mama, mkojo, wala maji ya majani. Vitu hivyo havina usafi, na baadhi huunguza.

Na la mwisho ni la jamii nzima ya kambi. Choo kilichofunikwa, takataka zilizochomwa, maji ya kunawa uso asubuhi na sabuni karibu na mlango, hayo yote hupunguza idadi ya macho yanayougua. Na macho yakipungua kuugua, dawa hupungua kutumika. Na dawa ikipungua kutumika bila sababu, hubaki na makali yake kwa siku ya haja. Wakuu wa kambi, kina mama viongozi na walimu wa watoto wadogo waweza kulipanga jambo hili kwa siku moja ya kazi ya pamoja.

Wahenga walisema, kinga ni bora kuliko tiba. Katika siku zetu usemi huo umeongezeka uzito, kwa kuwa tiba yenyewe imekuwa akiba inayopungua. Risasi za ghala la kikosi huhesabiwa moja moja, na atoaye moja huandikisha sababu. Antibiotiki nazo zastahili hesabu hiyo katika nyumba zetu.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kutunza maji ya kunywa wakati wa mvua nyingi.